Nina Jumapili moja tu Japani: nikaione C62 ipi?

NeemaWaReli (Morogoro)

Shikamooni wakubwa, wadogo mambo.

Mwezi ujao naenda Osaka kwa mafunzo ya mifumo ya umeme wa treni. Ratiba imebana kweli, nimeachiwa Jumapili moja peke yake. Wenzangu wote wanataka maduka. Mimi nataka kuona garimoshi, tena la mvuke, tena la abiria.

Nimekulia kota za reli, baba alikuwa mkaguzi wa njia, kwa hiyo ugonjwa huu ni wa kurithi. Kuna aina ya kichwa wanaiita C62, nimesoma kwamba ilikimbia 129 km/h kwenye reli nyembamba. Reli ya upana wa milimita 1067, yaani upana uleule wa TAZARA! Nimemwambia mwenzangu mmoja wa SGR, akacheka, akasema hizo ni hadithi za wapenda mvuke.

Maswali yangu:
Hiyo 129 ni kweli? Ni C62 ipi hasa, na bado ipo? Na kama bado zipo, kuna inayotembea au zote zimepakwa rangi na kuwekewa kamba? Nikiwa na siku moja kutoka Osaka, niende wapi?

Natanguliza shukrani.

---

Mnyamwezi_wa_Bandarini (Nagoya)

Dada Neema, karibu. Umeuliza pahala pake. Mimi niko Nagoya, napakia magari ya mtumba kwenye meli, na gati letu liko jirani kabisa na jumba walimoiweka hiyo C62 yako. Kwa hiyo nikianza kuandika juu yake sinyamazi, univumilie.

129 ni kweli, mwambie huyo wa SGR anyamaze. Tarehe 15 Desemba 1954, C62 namba 17, juu ya daraja la mto Kiso kwenye njia kuu ya Tokaido. Hawakuwa wanatafuta sifa siku ile, walikuwa wanapima uimara wa daraja chini ya mwendo mkali. Rekodi ya kichwa cha mvuke kwenye reli nyembamba ikapatikana hapohapo. Katika kazi za kila siku C62 haikuruhusiwa kukimbia hivyo, mwisho wake ulikuwa 100.

Lakini ukienda kuitazama kwa ajili ya 129 peke yake utakuwa umeona mkia, ng'ombe umemwacha. Kinachonishika mimi kwenye C62 ni jinsi ilivyozaliwa, kwa sababu ile ni mashine ya mtumba, na mimi mitumba ndiyo inayonilisha.

Sikiliza. Vita imekwisha 1945, Japani imeungua, watu wanasafiri wakiwa wamening'inia milangoni na madirishani. Vichwa vya abiria havitoshi. Wakati huohuo yadi zimejaa vichwa vya mizigo, hasa D52, vilivyotengenezwa kati ya 1943 na 1946 kwa ajili ya kuvuta shehena za vita. Vita haipo, shehena hakuna, D52 zimekaa. Shirika la reli likitaka kujenga vichwa vipya vya abiria, jeshi la Wamarekani lililokuwa linatawala halitoi idhini ya fedha. Kukarabati vya zamani, sawa.

Basi wakakarabati. Mhandisi Hideo Shima na watu wake wakavua boila za D52 na kuzikalisha juu ya fremu mpya, magurudumu mapya ya kuendeshea yenye kipenyo cha milimita 1750, silinda mpya. Kwenye makaratasi hayo ni "marekebisho". Ukiuliza mimi, ni kichwa kipya kilichovaa boila ya marehemu. Vilitoka 49 mwaka 1948 na 1949, kutoka viwanda vya Hitachi, Kawasaki na Kisha Seizo. Ndugu yake mdogo, C61, alipata boila za D51 kwa mtindo uleule, vikajengwa 33.

Tatizo likawa uzito. Boila ya D52 ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote kwao, na reli zao hazikupenda ekseli nzito. Ndiyo maana nyuma, chini ya chumba cha dereva, waliweka ekseli mbili ndogo badala ya moja: mbele mbili, katikati tatu kubwa, nyuma mbili. Mzigo ukagawanyika, ekseli ikabaki na tani 16 na kidogo. Na tanuru lilikuwa pana mno kulishwa kwa koleo mwendo mrefu, kwa hiyo wakaweka mashine ya parafujo inayosukuma makaa kutoka behewa la nyuma hadi motoni. Mtia makaa akabaki na kazi ya akili, kuangalia moto umekaa vipi.

Waliifanyisha kazi za heshima. Treni za "Tsubame" na "Hato" kwenye Tokaido, zile za wakubwa. C62 namba 2 ikawekewa mbayuwayu wa chuma cha pua kwenye mabati ya kupeperushia moshi, kushoto na kulia, kwa sababu Tsubame ni mbayuwayu. Yule ndege yupo mpaka leo.

Halafu Novemba 1956 umeme ukakamilika Tokaido yote, na C62 zikaanza kufukuzwa kila waya zilipofika. Zikaenda Sanyo, magharibi. Waya zikafuata. Nyingine zikaenda njia ya Joban, kaskazini-mashariki. Waya zikafuata. Saba zikapunguzwa uzito na kupelekwa Hokkaido, kisiwa cha kaskazini, na huko ndiko zilikopata umaarufu ambao rekodi haikuzipa: kati ya Otaru na Oshamambe kuna njia ya milima, mwinuko wa 20 kwa 1000, kona juu ya kona, na theluji ya kukufika kiunoni. Kichwa kimoja hakitoshi. Walifunga C62 mbili mbele ya treni moja ya abiria. Watu walikuwa wanasafiri kutoka Tokyo na kamera, wanalala kwenye theluji kusubiri dakika mbili za moshi. Hilo lilikwisha 1971.

Sasa jibu lako. Katika 49 zimebaki tano. Namba 17, ya rekodi, iko Nagoya, kwenye jumba la makumbusho la JR, yaani makampuni ya reli ya Japani, pale Kinjo-futo. Namba 1, 2 na 26 ziko Kyoto. Namba 3 iko Sapporo, kwenye karakana ya Naebo.

Inayotoa mvuke ni moja tu: namba 2, yenye mbayuwayu. Nenda Kyoto.

---

Kiberenge (Tanga)

Mkuu umeeleza vizuri, ila naona unamnyima dada wa watu utamu. Kyoto ile C62 inatembea ndani ya uwanja wa makumbusho tu, nusu kilomita kwenda, nusu kurudi! Huyo ni simba wa kwenye tundu. Akitaka kichwa cha abiria kinachofanya kazi yake, apande Shinkansen, treni ya mwendo kasi, hadi Shin-Yamaguchi, akapande treni ya mvuke ya Yamaguchi, iliyovutwa miaka mingi na kichwa cha aina ya C57, kwenda Tsuwano. Kilomita 62.9, mahandaki, milima, watu wanapunga mikono mashambani.

Na C57 ni nzuri kuliko C62, hilo niko tayari kubishana hadi asubuhi. Boila nyembamba, magurudumu yaleyale ya 1750, mwili umekaa kike. Wajapani wenyewe huiita bibi wa daraja la juu. Zilijengwa 201 tangu 1937, hazikuokotezwa kwenye yadi ya vita. C57 namba 135 ndiyo iliyovuta treni ya mwisho ya abiria ya mvuke katika ratiba ya kawaida ya shirika la reli la taifa, Muroran hadi Iwamizawa, 14 Desemba 1975. Na C57 namba 1 ndiyo iliyofungua treni ya Yamaguchi tarehe 1 Agosti 1979, miaka minne tu baada ya watu kuuzika mvuke.

---

Mnyamwezi_wa_Bandarini (Nagoya)

Kiberenge ndugu yangu, C57 sina ugomvi nayo. Namba 1 imepitia makubwa kuliko mabaharia. Tetemeko la Kobe, 17 Januari 1995, liliikuta juu ya majeki kwenye karakana ya Takatori, likaiangusha chini. Wakaiinua, wakaitengeneza, ikarudi njiani. Nani asiiheshimu?

Ila dada ana Jumapili moja. Kutoka Osaka hadi Shin-Yamaguchi ni nauli ya Shinkansen, na ukifika, treni hiyo ina siku zake. Tena vichwa vya umri huo huugua ghafla, unakuta siku hiyo inavutwa na dizeli. Anaweza kula nauli yote akaishia kupiga picha na dizeli. Kyoto kutoka Osaka ni nusu saa kwa treni ya kawaida.

Na hilo la simba wa tundu, ngoja nikuambie kwa nini silikubali, maana Hokkaido walijaribu kumfungulia.

C62 namba 3 ilistaafu, ikawekwa Otaru kama kumbukumbu. Miaka ya themanini wananchi wa Hokkaido, wapenzi, wafanyabiashara, wakasema hii tutairudisha kazini. Wakachanga, wakatafuta wafadhili, JR Hokkaido wakaitengeneza pale Naebo. Mwaka 1988 ikatoka, C62 ya kweli, inavuta mabehewa yaliyojaa abiria kutoka Otaru kupanda milima ileile ya zamani kuelekea Niseko. Watu wazima walilia. Niliwahi kuongea na mzee mmoja wa hapa kazini kwetu, hana habari na treni kabisa, lakini ile aliipanda na mkewe, na anakumbuka hadi harufu ya makaa kwenye kola ya shati.

Ilitembea hadi 1995. Kisha ukafika wakati wa matengenezo makubwa, ya kufungua kila kitu, na hesabu ilipopigwa ikawa fedha ambazo chama cha wapenzi hakiwezi kuziota, na wafadhili wa enzi za uchumi kunona walikuwa wameshaondoka. Ikarudishwa Naebo. Iko hapo, safi, imefunikwa, haitembei.

Kwa hiyo nikiiona namba 2 inakwenda kilomita moja mwendo wa baiskeli pale Kyoto, sioni tundu. Naona watu waliokataa kuiua kwa mapenzi. Njia kuu ingemaliza chuma chake.

---

MzeeBoila (Voi)

Marahaba Neema, na nyinyi wengine hamjambo.

Mimi ni fundi boila mstaafu, nilijifunza kazi Nairobi enzi za East African Railways, mikono yangu imeingia kwenye zile Garratt za daraja la 59 zilizokuwa na majina ya milima. Japani sijafika. Lakini boila ni boila, na naona hapa watu wanaongea juu ya magurudumu na uzuri wa umbo kana kwamba ndivyo vinavyokufa kwanza.

Gurudumu unatengeneza. Silinda unachonga upya. Kinachoamua kama kichwa kitaishi ni tanuru na mabomba. Ukiwasha moto chuma kinatanuka, ukizima kinasinyaa, na hakisinyai sawasawa kote. Kona za tanuru zinaanza kupata nyufa nyembamba za nywele. Zile boliti za kushikiza ukuta wa ndani na wa nje, mamia yake, moja ikikatika jirani zake zinabeba mzigo wake, kisha nazo zinakatika. Maji yakiwa na chumvi au chokaa, ganda linajenga juu ya mabomba, joto halipiti, chuma kinaungua upande mmoja. Kichwa kinachofanya kazi kila siku kina nafuu kuliko kinachowashwa Jumamosi na kuzimwa Jumapili, maana hiki cha pili kinatanuka na kusinyaa kila wiki. Sisi tulichoma mafuta mazito, si makaa, na hata hivyo tulikuwa na kanuni: moto mdogo, masaa mengi, usilikimbize chuma.

Sasa huyo wa Nagoya ametaja D52 za wakati wa vita. Hapo nilisimama. Boila iliyojengwa vitani, chuma duni, ulehemu wa haraka, vibarua wasiofunzwa, hiyo haifai kuachwa karibu na binadamu bila kuchunguzwa. Ningependa kujua waliziaminije kwenye treni ya wakubwa.

---

Mnyamwezi_wa_Bandarini (Nagoya)

Shikamoo mzee wangu. Umegusa kidonda chenyewe.

Hawakuziamini tu hivihivi. Baadhi ya D52 zilipasuka boila zikiwa kazini, kwa hayo hayo uliyoyataja. Zile zilikuwa mashine za kubana matumizi: penye bati waliweka mbao, hata mabati ya kupeperushia moshi mengine yalikuwa ya mbao. Shima mwenyewe hakuwa mtu wa kuficha mambo. Baada ya treni kuungua na abiria ndani kwenye stesheni ya Sakuragicho mwaka 1951 alijiuzulu shirikani. Wakamrudisha 1955 kama mhandisi mkuu, akasimamia Shinkansen, akaondoka 1963. Njia ilifunguliwa 1 Oktoba 1964, yeye hayupo tena kazini.

Na hili Neema litakuhusu wewe mtu wa umeme. Pale Kyoto, ukiingia tu, kabla hata ya jengo kuu, kuna jukwaa refu. Wameegesha C62 namba 26, na jirani yake Shinkansen ya kwanza kabisa, ya safu ya 0, ile yenye pua ya mviringo. Kati ya boila ya mtumba na treni ya 210 km/h kuna miaka 16, na mhandisi ni mmoja. Waliopanga pale hawakuweka makelele mengi, lakini mimi nilisimama katikati yake hadi mlinzi akaanza kunitazama.

Nagoya nako wamefanya lao. Ukumbi wa kwanza una giza, vimewekwa vitu vitatu: C62 namba 17 ya 129, kisha treni ya majaribio ya Shinkansen ya 443 mwaka 1996, kisha ile inayoelea kwa sumaku ya 581 mwaka 2003. Taa zinawaangazia kama wacheza ngoma. Ni pazuri, sikatai, lakini namba 17 iko kama sanamu. Kabla ya hapo ilikaa miaka mingi nje, kwenye bustani ya wanyama ya Higashiyama, inanyeshewa. Sasa imepata paa. Ila haipumui.

---

NeemaWaReli (Morogoro)

Jamani asanteni, nimesoma mpaka chai imepoa. Nimeshaamua Kyoto.

Mzee wangu, hayo ya boliti za tanuru nimeyaandika kwenye daftari. Kaka wa Nagoya, naomba moja la mwisho: nikifika hapo Kyoto, hiyo namba 2 nitaiona ikiwa na moto kweli? Na kuna mahali naweza kuona mafundi wakiifanyia kazi, au ni picha ukutani tu? Baba angetaka kujua hilo kuliko chochote.

---

Mnyamwezi_wa_Bandarini (Nagoya)

Ndilo swali la maana kuliko yote uliyouliza.

Banda la vichwa pale Umekoji, hapohapo Kyoto, ni la 1914, la zege, umbo la upepeo wa kujipepea, njia 20 zinakutana kwenye meza moja ya kugeuzia vichwa. Makumbusho ya mvuke yalianza hapo Oktoba 1972, taifa liliposherehekea miaka 100 ya reli, na tangu mwanzo nia ilikuwa baadhi ya vichwa vibaki vizima, vinawaka. Mwaka 2016 wakaunganisha na jumba jipya, ndiyo Makumbusho ya Reli ya Kyoto ya sasa. Katika ujenzi ule waliweka pia karakana ya vichwa vya mvuke ambayo wewe mtazamaji unaipita juu, kwenye ujia wenye vioo, unaona chini boila imevuliwa, magurudumu yametolewa, mafundi vijana wameinama. Si maonyesho. Hata vichwa vinavyovuta treni za njia kuu za JR West vinatibiwa hapo. Kama baba angependa picha moja, mpigie hiyo, asikudanganye mtu na mbayuwayu.

Kuhusu moto: kila siku ya kazi kuna kichwa kimoja kinachovuta mabehewa ya kupanda watu, ile nusu kilomita Kiberenge anayoicheka. Kinabadilishwa. Unaweza kuikuta C62 namba 2, unaweza kuikuta C61 namba 2, au kingine kidogo. Wao hutangaza mapema ni zamu ya nani, angalia kabla ya kutoka Osaka. Ukikuta si zamu ya C62, panda hivyohivyo, kisha nenda bandani ukaisimamie mbele. Magurudumu yake yanakufika utosini. Na jioni baada ya safari ya mwisho kaa karibu na meza ya kugeuzia: kichwa kinaletwa, kinazungushwa, na mara nyingi kinapiga honi.

Shuka stesheni ya Umekoji-Kyotonishi, ni kituo kimoja tu kutoka Kyoto, mlango uko karibu. Nenda asubuhi, Jumapili watoto ni wengi na foleni ya kupanda inarefuka.

---

Kiberenge (Tanga)

Sawa, nimeshindwa kwa nauli, si kwa hoja. Neema, ukifika kwenye banda muulize yeyote kama C57 ipo siku hiyo. Ukiikuta, mtazame bibi yule pembeni ya hilo dubwana la boila ya vita, halafu urudi hapa useme ukweli.

---

MzeeBoila (Voi)

Neema, ukiwa juu ya ule ujia wa vioo, kama wamevua tanuru, tazama kona za chini, pale ukuta unapopinda kukutana na pete ya msingi. Ukiona alama za chaki, wamezungushia nyufa. Piga picha hizo, uniletee. Na ukiwaona wanapima boila kwa maji baridi ya shinikizo, hesabu wanakaa muda gani kabla ya kusoma geji. Nataka kujua kama bado kuna watu wenye subira.

---

NeemaWaReli (Morogoro)

Nitaleta mzee wangu, chaki na geji vyote. Kaka Kiberenge na wewe utapata hukumu yako. Jumatano moja pia nina nusu siku, labda nirudi mara ya pili.

---

Mnyamwezi_wa_Bandarini (Nagoya)

Jumatano wanafunga. Shikilia Jumapili.